“Exceed”: kitenzi cha kuvuka mpaka, kilikotoka na mahali kinapowanasa watu

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 67, inamwekea kizuizi cha kuwa mbunge mtu aliyehukumiwa kifungo cha “muda unaozidi miezi sita” kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 99, nayo inamzuia mtu aliye chini ya hukumu ya kifungo kisichopungua miezi sita. Masharti mengine ya vifungu hivyo tuyaweke kando, tuangalie kipimo peke yake. Mtu amepewa miezi sita kamili, haina siku ya ziada wala pungufu. Kwa kipimo cha Tanzania hajaguswa, kwa cha Kenya ameshanaswa. Nakala ya Kiingereza ya katiba ya Tanzania inasema “exceeding”, ile ya Kenya inasema “at least”, na kati ya maneno hayo mawili ndimo anamopenya au kukwama mgombea.

Kitenzi “exceed” hufundishwa shuleni kwa neno moja, kuzidi, kisha somo linaendelea. Jibu hilo si kosa. Ila linaficha jambo ambalo mwandishi wa mkataba, mfamasia, fundi wa mitandao na mkalimani wa mahakama hukutana nalo kila siku: kitenzi hiki hakikamiliki bila mpaka, na mpaka wenyewe huhesabiwa kuwa ndani.

Kutoka nje ya mji

Asili yake ni Kilatini, “excedere”, kilichoungwa kwa “ex”, yaani nje, na “cedere”, yaani kwenda, kuondoka, kuachia nafasi. Kwa Warumi wa kale maana ya msingi haikuhusu wingi wala kipimo. Ilikuwa kutoka mahali, basi. Novemba ya mwaka 63 KK, Cicero, kiongozi wa Roma aliyesifika kwa hotuba, alisimama mbele ya raia wa Roma kuwaarifu kwamba Catilina, aliyetuhumiwa kula njama dhidi ya dola, hayupo tena mjini. Akapanga vitenzi vinne mfululizo: “abiit, excessit, evasit, erupit”. Amekwenda, ametoka, ameponyoka, amechomoka. Cha pili ndicho babu wa “exceed”, na hapo hakuna aliyezidisha chochote, kuna mtu aliyelipa lango la mji kisogo. Warumi hao hao walisema mtu “ametoka katika uhai” kwa kitenzi hicho walipotaka kusema amekufa, kama sisi tunavyosema kufariki, neno ambalo kwa Kiarabu ni kutengana na kuachana.

Safari ya kutoka mjini hadi kuzidi kiwango ilipitia neno “modus”, yaani kipimo au kadiri. “Excedere modum” ni kutoka nje ya kadiri. Ukuta wa mji umegeuka kuwa namba, kitenzi kimebaki kilekile. Ndiyo maana aliyefika kwenye mpaka bado hajafanya “exceed”: anayesimama kwenye kizingiti hajatoka nyumbani. Miezi sita kamili ni kizingiti. Miezi sita na siku moja ni nje.

Kitenzi kilipita kwenye Kifaransa cha kale na kuingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14. Wakati huo Kifaransa kilikuwa kinapoteza enzi yake Uingereza. Sheria ya mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward wa Tatu, iliagiza mashauri ya mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu wananchi hawakukielewa Kifaransa. Maneno ya Kifaransa ya kupima, kutoza na kuwekea mipaka hayakuondoka na lugha yao, mengi yalihamia upande wa pili. Ndiyo sababu hadi leo “exceed” kina harufu ya karatasi ya serikali. Mwingereza akiwa sokoni hasemi bei “exceeds” pesa aliyonayo. Ofisini atasema.

Kifaransa nacho kilikipeleka kitenzi kwingine. Leo mtu anayejiita “excédé” amechoshwa, amekerwa hadi hapo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu atalijua pia neno “excédent” kutoka uwanja wa ndege, pale mzigo unapopimwa na kuonekana umepita kilo zinazoruhusiwa. Mwenzake wa Kigoma huambiwa “excess baggage”. Ni shina moja, na bili ni moja.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaonyesha matumizi mawili ambayo Kiswahili kiliyatenganisha vizuri. Katika Mathayo 2:10, mamajusi wanafurahi kwa “exceeding great joy”. Hapo “exceeding” si kitenzi tena bali ni neno la kukazia tu, na tafsiri ya Kiswahili ya Union ikaandika “furaha kubwa mno”. Hakuna mpaka uliovukwa, hivyo hakuna haja ya kuzidi. Lakini katika Mathayo 5:20, haki ya wanafunzi inapopimwa na haki ya waandishi na Mafarisayo, tafsiri hiyo hiyo inasema “isipozidi”. Pande mbili zimewekwa kwenye mizani, na kitenzi kinarudi kazini. Matumizi ya kwanza yamebaki leo katika “exceedingly”, neno ambalo halimaanishi kuvuka chochote, ni “sana” iliyovaa suti.

Mfano bora kuliko yote uko katika Kumbukumbu la Torati 25:3. Mkosaji achapwe mapigo arobaini, “and not exceed”. Kwa maneno hayo pigo la 40 ni halali na la 41 ni kosa la mwenye kuchapa. Ila mtume Paulo, katika Wakorintho wa Pili 11:24, anasema mara tano alipata mapigo “arobaini kasoro moja”. Desturi ya Wayahudi ilikuwa kukomea 39, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba anayehesabu anaweza kukosea, hivyo ni heri akosee ndani ya mpaka. Mhandisi wa leo anayeandika kwamba winchi isibebeshwe zaidi ya tani 5, kisha akawaambia mafundi wasipite tani 4, anafuata hesabu ileile.

Ukoo na tahajia yake

Cedere imezaa ukoo mkubwa, na tahajia yake huwasumbua hata wenye lugha. Vitenzi vya Kiingereza vinavyoishia na “-ceed” ni vitatu tu: exceed, proceed na succeed. Vinginevyo huandikwa “-cede”: precede, recede, concede, intercede, secede, accede. Kimoja pekee, supersede, huandikwa na “s” kwa sababu hakitoki kwenye kwenda bali kwenye kuketi, “sedere”: ni kuketi juu ya mwingine. Mtego ulio mkubwa zaidi uko kwenye nomino. Baada ya “c”, proceed ina “e” mbili, procedure ina moja. Exceed ikigeuka nomino inabaki na “e” moja baada ya “c”, na “d” inaipisha “ss”: excess, kama succeed inavyokuwa success.

Kwa sikio la Afrika Mashariki, exceed na accede karibu hazitofautiani, na maana zake zinapishana kabisa. Accede ni kujiunga au kuridhia. Rwanda na Burundi zilifanya hivyo kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mkalimani akisikia kwamba nchi fulani “has acceded to the treaty” akatafsiri kwamba imeuzidi mkataba, ukumbi mzima utageuka. Dawa ni kusikiliza kinachofuata. Accede hudai “to” baada yake. Exceed hukamata kitu chake moja kwa moja.

Kinachokuja baada yake

Hicho kitu kinachokamatwa ndicho kinachoamua kama kitenzi kinasifu au kinalaumu. Exceed expectations ni sifa, na katika fomu za kutathmini watumishi huwa ndiyo daraja la juu. Exceed the budget ni lawama. Exceed one’s authority inaweza kukufikisha mahakamani: kwa sheria zilizorithiwa kutoka Uingereza, uamuzi wa ofisa au wa bodi uliotolewa nje ya mamlaka yake unaweza kubatilishwa hata kama ulikuwa wa busara. Kitenzi chenyewe hakina upande. Kinasema tu kwamba mpaka umepitwa. Aliyeuweka na alivyoukusudia ndiye anayetoa rangi. Mpaka wa chini, kama matarajio, kuupita ni vizuri. Mpaka wa juu, kama bajeti, kuupita ni balaa.

Kwa Kiswahili rangi hiyo tunaitia ndani ya kitenzi chenyewe, na ndiyo maana “kuzidi” hakitoshi kila mahali. Matarajio tunayavuka. Bajeti inazidiwa, au matumizi yanaipita. Mamlaka mtu anayapita au anayavuka, na sheria anaikiuka. Rekodi inavunjwa. Mpinzani anashindwa, au anapitwa, au anaachwa mbali. Mfasiri anayeandika “amezidi mamlaka yake” anaeleweka, ila msikilizaji anabaki akisubiri neno lingine.

Ndugu wa “exceed” katika Kiingereza nao wamegawana kazi. Surpass, kilichotoka Kifaransa kwa maana ya kupita juu, hupendelea watu, rekodi na ubora. Mwanafunzi humpita mwalimu wake. Transcend ni kupanda na kuvuka, na kinachovukwa huwa kitu kisichopimika kwa namba, kama kabila, dini au wakati. Transgress ni kukanyaga ng’ambo ya mstari, nacho hakina matumizi ya sifa. Excel ni kung’ara, na hakihitaji mtu wa kumshinda. Jaribio la haraka ni kuuliza kama kilichovukwa kinaandikika kwa tarakimu. Kikiandikika (kilo, shilingi, siku, kilomita kwa saa), exceed ndicho chenye nafasi. Kisipoandikika, tafuta ndugu yake.

Kuna jambo jingine ambalo huwafanya Waswahili waandike Kiingereza kigumu kuliko inavyohitajika. Lugha nyingi za Afrika hulinganisha kwa kitenzi cha kuzidi au kupita. Kihausa kinatumia “fi”, Kiyoruba “ju”, nasi tunasema “amenizidi miaka miwili” au “anampita kaka yake kwa urefu”. Kiingereza hulinganisha kwa kurefusha kivumishi. Anayeandika “she exceeds me by two years” hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini amezungumza kama hati ya kiwanja. Kinachotakiwa ni “she is two years older than me”. Kinyume chake pia ni kweli: “is greater than” katika kitabu cha hesabu mara nyingi husomeka vizuri zaidi ikiandikwa “inazidi” kuliko “ni kubwa kuliko”.

Mpaka uko ndani

Alama za hesabu zinaweka jambo wazi. Alama ya > ilichapishwa mwaka 1631 katika kazi ya Mwingereza Thomas Harriot iliyotoka baada ya kifo chake, na hiyo ndiyo “exceeds”. “Does not exceed” ni ≤, yaani chini ya mpaka au sawa nao. Hapo ndipo makosa ya mikataba yanapoanza, kwa sababu sikio la kawaida likisikia “isizidi 10” halijiulizi kama 10 yenyewe imo. Imo.

Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zimejaa tungo la “a fine not exceeding” fulani au “imprisonment for a term not exceeding” fulani, au vyote viwili. Maana yake ni kikomo cha juu. Hakimu anaweza kutoa adhabu yoyote kuanzia ndogo kabisa hadi kikomo chenyewe, mradi hakuna kifungu kingine kinachoweka kiwango cha chini. Kikiwepo, huandikwa “not less than”, nasi tunasema isiyopungua. Habari za magazetini huchanganya mawili haya mara kwa mara: sheria inasema faini isiyozidi milioni mbili, kichwa cha habari kinatangaza kwamba mkosaji “atalipa milioni mbili”. Anaweza kulipa laki moja.

Tangu Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, upatanisho wa kisarufi wa maneno haya umekuwa kazi ya kila siku kwa waandishi wa sheria. Shina ni “-siyozidi”, nalo hufuata ngeli: faini isiyozidi, kifungo kisichozidi, muda usiozidi, maneno yasiyozidi, siku zisizozidi, watu wasiozidi, gari lisilozidi. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuchanganya “isiyozidi” na “isizidi”. “Insha isizidi maneno 400” ni amri kwa mwandishi. “Insha isiyozidi maneno 400” ni maelezo ya insha, na sentensi bado inasubiri kitenzi chake: insha isiyozidi maneno 400 itapokewa. Kosa la pili ni “muda usiozidi zaidi ya miezi sita”. Zaidi tayari imo ndani ya kuzidi, yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kiingereza kina ugonjwa huohuo, “not exceed more than”, na wahariri wake huukata bila huruma.

Mzizi huo wa Kiarabu una athari nyingine ambayo ni rahisi kutoiona. Exceed kilianza kama kutoka. Zidi ilianza kama kuongezeka. Kwa hiyo “mvua inazidi” haimaanishi kwamba mvua imevuka kiwango chochote, inaongezeka tu. “Gharama zimezidi” inaweza kuwa zimepanda, zimekuwa nyingi mno, au zimepita makadirio. Kwenye mazungumzo hilo halina shida. Kwenye ripoti ya mkaguzi lina shida kubwa, na tiba yake ni kutaja mpaka palepale: gharama zimezidi makadirio ya shilingi milioni 10 kwa shilingi milioni 2. Angalia pia nani anafanya nini. Kiasi kinazidi, mtu anazidisha. Kasi ya gari imezidi kilomita 50 kwa saa. Dereva amezidisha mwendo. Kiingereza kinatumia “exceed” kwa wote wawili.

Barabarani, kwa kadiri neno linavyokwenda, 50 kwenye eneo la 50 si kosa na 51 ni kosa. Utekelezaji huwa na ngazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya barabarani ziliweka onyo kwa aliyezidisha kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa, shilingi 500 kwa 6 hadi 10, shilingi 3,000 kwa 11 hadi 15, na 10,000 kwa 16 hadi 20. Anayepewa onyo kwa 53 amekosa. Sheria imeamua tu kutomtoza.

Kwenye asilimia, neno la kuangaliwa ni “by”. Bajeti ni milioni 10, matumizi ni milioni 12. Matumizi yamezidi bajeti kwa asilimia 20, au yamefikia asilimia 120 ya bajeti. Sentensi zote mbili ni kweli. “Exceeded the budget by 120%” ni kitu kingine kabisa: hapo matumizi ni milioni 22. Mwandishi akiacha “kwa” au kuichomeka pasipostahili, milioni 10 za watu zinatokea hewani.

Vidonge nane

Kwenye pakiti ya dawa, “do not exceed the stated dose” hufasiriwa “usizidishe kipimo kilichotajwa”, na hapa upande wa lugha uko sawa. Kinachoharibika ni mpaka. Chukua paracetamol ya miligramu 500. Mtu mzima kwa kawaida huelekezwa kidonge 1 au 2 kila baada ya saa 4 au zaidi, visizidi 8 ndani ya saa 24, yaani gramu 4. Vidonge 8 vimo ndani, cha 9 kiko nje. Lakini saa 24 si siku ya kalenda. Mtu aliyemeza viwili saa 4 asubuhi, viwili saa 8 mchana, viwili saa 12 jioni na viwili saa 4 usiku amekwisha fika kikomo. Akiamka saa 10 alfajiri na homa, akameza viwili vingine kwa kuwa “ni siku mpya”, amemeza vidonge 10, gramu 5, ndani ya saa 18.

Njia ya pili ya kuvuka mpaka bila kujua ni dawa za mafua. Nyingi za mchanganyiko zina paracetamol ndani yake, na jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Mtu anahesabu vidonge vya pakiti mbili kama dawa mbili tofauti, ini linavihesabu kuwa dawa moja. Madhara ya kuzidisha paracetamol yanaweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kuonekana, ilhali ini limeshaanza kuumia, kwa hiyo kujisikia salama asubuhi si kipimo. Aliyezidisha aende hospitali na pakiti zote mkononi, bila kusubiri dalili.

Mashine nazo husema “exceeded”

Kompyuta zimelipenda neno hili. “Quota exceeded” ni nafasi uliyopewa imejaa. “Time limit exceeded” ni majibu yanayowakatisha tamaa wanaoshindana kuandika programu: programu ilifanya kazi lakini ilichelewa. Seva ya barua pepe ikikataa ujumbe kwa namba 552 inasema hifadhi ya mpokeaji imepitwa. Katika ujumbe wa namna hii “imezidi” inatosha, mradi utaje nini kimezidi nini. “Kikomo kimezidi” ni tafsiri inayoonekana kwenye skrini nyingi na ni kosa: kikomo hakizidi, kinapitwa au kinafikiwa.

Ujumbe wa kuvutia zaidi ni “Time Exceeded”, uliowekwa katika kanuni za mtandao mwaka 1981. Kila pakiti ya data inapotumwa hupewa namba, mara nyingi 64 au 128, inayoitwa muda wake wa kuishi. Kila ruta, yaani kifaa cha kuelekeza data njiani, inayoipitisha hupunguza 1. Namba ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumrudishia aliyetuma ujumbe wa aina ya 11: muda umepita. Bila hivyo pakiti iliyopotea ingezunguka kati ya ruta mbili milele. Jina linadanganya kidogo, kwa sababu kinachohesabiwa si sekunde bali ruta. Toleo la sita la itifaki ya intaneti liliibatiza namba hiyo upya kuwa kikomo cha vituo, ila ujumbe wenyewe bado unaitwa “Time Exceeded”.

Programu ya traceroute, ambayo kwenye Windows huitwa tracert, imejengwa juu ya ujumbe huo. Inatuma pakiti yenye namba 1, ruta ya kwanza inaitupa na kujitaja. Inatuma yenye namba 2, ya pili inajitaja. Inaendelea hivyo hadi ifike mwisho wa safari, na wewe umepata orodha ya njia nzima kwa kukusanya malalamiko. Ukiona nyota tatu mahali pa jina, ruta hiyo imeamua kutojibu, au ujumbe wake umezuiwa njiani. Mistari ya mbele ikiendelea kujibu, hakuna kilichoharibika pale.

Ekses ya bima

Mwenye gari akisikia “excess” kwa wakala wa bima hupata tabu, kwa sababu hapa nomino imegeuka. Si kile kilichozidi, ni kile ambacho hasara lazima ikipite ndipo bima ianze kulipa. Ukarabati ukigharimu shilingi 120,000 na ekses yako ikiwa 15,000, wewe unatoa 15,000 na kampuni inalipa 105,000. Hasara ikiwa 14,000, kampuni hailipi kitu. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: ekses ni kiasi maalumu au ni asilimia ya thamani ya gari, na kama ni asilimia, kiwango cha chini ni kipi. Wamarekani huliita “deductible”, neno linaloeleza vizuri zaidi kwamba kiasi hicho kinakatwa kwenye malipo. Kampuni za bima zenyewe zinapojikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi bado hutumia “excess of loss” kwa maana ya zamani: anayebeba juu hulipa sehemu iliyozidi kiwango walichokubaliana.

Mafuriko ya miaka mia

Wahandisi wa maji waliunda nomino yao, “exceedance”, yaani tukio la kiwango kupitwa. Wanaposema “mafuriko ya miaka 100” hawamaanishi mafuriko yanayokuja mara moja kila karne kwa zamu. Wanamaanisha kiwango cha maji ambacho kila mwaka kina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa. Mwaka ukiisha salama, hesabu haipungui. Mwaka unaofuata ni asilimia 1 tena, hata kama daraja lilifunikwa jana.

Hesabu ya miaka mingi hufanywa kwa kuzidisha uwezekano wa kusalimika. Kusalimika mwaka mmoja ni 0.99. Kusalimika miaka 30 ni 0.99 ikizidishwa mara 30, yaani takriban 0.74. Nyumba iliyojengwa kwenye mstari wa mafuriko ya miaka 100, ikiwa na mkopo wa miaka 30, ina uwezekano wa asilimia 26 wa kuona maji yakifika au kupita mstari huo kabla mkopo haujaisha. Kwa miaka 100 inakuwa asilimia 63.

Wahandisi wa matetemeko hulisema kinyumenyume. Kanuni za ujenzi za Ulaya, kwa majengo ya kawaida, huanzia kwenye mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa ndani ya miaka 50. Ukiigeuza hesabu unapata wastani wa mara moja kwa miaka 475, na namba hiyo ndiyo inayotajwa kwenye michoro. Msomaji asiyejua inakotoka huiona 475 akadhani kuna mtu aliyekaa na kuhesabu matetemeko kwa karibu karne tano.